Masasi: Mji Chini ya Milima

Somo letu la leo ni la historia, na safari hii hatuendi mbali. Ninyi mnaotusikiliza mkiwa Mtua, au Nachingwea, au Ruangwa, mmekwisha kwenda Masasi mara nyingi. Wengine mlikwenda kwa biashara, wengine hospitali, wengine arusi ya mpwa, na wengine (hatuwataji) mlikwenda kwa kesi. Basi mnaijua njia. Ukiiacha Nachingwea ukashika kusini, ukapita Lukuledi, hukawii kuiona milima mbele yako. Ni majabali makubwa ya kijivu, yamesimama pekee juu ya nchi tambarare, kama mpagazi aliyechoka akautua mzigo wake hapo akaenda zake. Chini ya majabali hayo ndiko uliko mji.

Watu wengi hupita Masasi bila kujiuliza mji ule ulianzishwa na nani. Ukiuliza, utajibiwa upesi: ulianzishwa na Askofu Edward Steere wa Unguja, mwaka wa 1876. Jibu hilo limo vitabuni, wala si uongo. Lakini mimi naona halitoshi, nami ningependa leo tulipime pamoja, kama mtu apimavyo gunia la nafaka kabla ya kulipa.

Tuanze na milima yenyewe, maana ilikuwapo kabla ya mtu yeyote. Mawe yale ni ya kale mno. Wataalamu huhesabu umri wake kwa mamilioni ya miaka, tena kwa mamia ya mamilioni. Zamani hayakuwa yakionekana kama tunavyoyaona sasa, bali yalikuwa yamefunikwa na udongo na mawe laini zaidi. Mvua ikanyesha miaka na miaka, upepo ukavuma, kilicho laini kikachukuliwa na maji kupelekwa baharini, na kilicho kigumu kikabaki kimesimama. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja mtaalamu wa mawe, jina lake Wilhelm Bornhardt, alizunguka katika nchi yetu akaiona milima ya namna hii. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1900 aliiita kwa neno la Kijerumani, Inselberg, maana yake mlima ulio kisiwa. Mpaka leo wanafunzi wa jiografia wa dunia nzima hulisoma neno hilo, na jabali la mviringo la namna hiyo huitwa kwa jina la Bornhardt mwenyewe. Kwa hiyo msidhani kuwa mawe ya huku kwetu ni mawe ya kichakani tu, kwani yamefundisha watu wengi.

Lakini mkulima hatazami jabali kwa ajili ya jina lake, hutazama maji. Mvua ikinyesha juu ya jabali tupu haina mahali pa kuzama, huteremka yote mpaka chini, na huko ndiko inakoingia ardhini. Ndiyo sababu udongo ulio miguuni pa mlima wa namna hii hukaa na unyevu muda mrefu kuliko udongo wa mbali. Tena mlima ni alama. Msafiri aliye porini siku nyingi akiuona, hujua amefika wapi. Na adui akija, mlima ni kimbilio: mwenye watoto atapanda mapangoni, na kijana mwenye macho makali atakaa juu aone vumbi linatoka upande gani. Haya yote matatu, yaani maji, alama na kimbilio, yatarudi katika hadithi yetu.

Sasa njia. Kabla ya Wazungu kuitawala nchi hii, njia za misafara zilitoka pwani, yaani Kilwa, Lindi na Mikindani, zikapita katika nchi za Wamwera, Wamakua na Wayao, zikavuka mto Ruvuma mpaka Ziwa Nyasa. Wayao walikuwa mashuhuri kwa safari hizo. Walishusha pembe za ndovu na tumbaku wakapandisha nguo, shanga, chumvi na baruti. Na walishusha watu. Kilwa katika karne ile ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watumwa kuliko bandari zote za pwani yetu, na wengi wao walitoka huko juu, pande za Nyasa na ng'ambo ya Ruvuma. Jambo hili halipendezi kulisema, hasa kwa kuwa waliouza na waliouzwa mara nyingi walikuwa jirani, na wajukuu wao leo wanaketi kikao kimoja. Lakini tukiliruka hatutaufahamu mji wa Masasi hata kidogo.

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara hawakuacha mara moja. Walipozuiwa baharini wakapita nchi kavu, hata mwaka wa 1876 Sultani akapiga marufuku misafara ya watumwa ya bara pia. Katika miaka hiyo manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa na kuwafungua. Wengi wa waliofunguliwa walipelekwa Unguja, na baadhi yao wakakabidhiwa misheni ya U.M.C.A., iliyokuwa na shamba mahali panapoitwa Mbweni, kusini kidogo ya mjini.

Hapa, ndugu zangu, tusimame kidogo. Mtu akikatwa minyororo, mambo hayajakwisha. Atakwenda wapi? Kwao amechukuliwa akiwa mtoto, pengine hata jina la kijiji amelisahau. Mji wao huenda ulichomwa. Akisema arudi peke yake, atakamatwa tena njiani kabla hajafika nusu ya safari. Akibaki Mbweni yuko salama, lakini ni shamba la watu, na bahari iko kati yake na nchi yake.

Askofu Steere alikuwa mtu wa lugha. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1870, na wengi waliojifunza Kiswahili kwa vitabu katika siku zile walianzia kwake. Yeye alikuwa na shauri la kuwarudisha baadhi ya watu hawa bara, wakakae karibu na Ziwa Nyasa kama kijiji. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu mpaka Mwembe, kwa mfalme wa Wayao aliyeitwa Mataka, kuitazama njia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, akaondoka Unguja pamoja na watu wazima zaidi ya hamsini wa Mbweni, wanaume na wanawake, wakashuka Lindi, wakaanza kupanda bara. Fikirini sura ya msafara huo. Katika njia ambazo watu wa namna yao walikuwa wakishushwa kwenda kuuzwa, hawa walikuwa wakipanda, na mizigo waliyobeba ilikuwa yao wenyewe.

Mwezi wa Novemba wakafika penye majabali ya Masasi. Shauri la Askofu lilikuwa kuendelea mbele. Ziwa lilikuwa bado mbali sana, mto Ruvuma bado kuvukwa. Lakini wale watu wakasema hawaendi mbele. Waliitazama nchi ile, udongo wake na maji yake na milima yake, wakaona yafanana na kwao, wakaomba wakae papo hapo. Askofu akakubali.

Nakuombeni mlipime jambo hili. Katika vitabu vingi limeandikwa kwa mstari mmoja tu, kama jambo dogo la safari. Mimi naona ndilo jambo lenyewe. Watu hawa walikuwa wamechukuliwa bila kuulizwa, wameuzwa bila kuulizwa, wamefunguliwa na kupelekwa Unguja bila kuulizwa. Hata shauri la kwenda Nyasa, ijapokuwa lilikuwa la wema, lilikuwa la mtu mwingine. Hapa chini ya mlima, pengine kwa mara ya kwanza tangu utoto wao, walisema wenyewe wanataka kukaa wapi, wakasikilizwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliuanzisha mji wa Masasi, nitamjibu kwamba Askofu alileta msafara, na waliousimamisha ni wasafiri wenyewe.

Wala msidhani nchi ilikuwa tupu. Wamakua na Wayao walikuwa wakikaa pande hizo kabla yao, na kijiji kipya hakikuweza kuishi bila ujirani nao.

Askofu alirudi Unguja akamwacha huko kijana Mwingereza, William Percival Johnson, ambaye baadaye alitumika Ziwa Nyasa kwa miaka mingi mpaka macho yake yakaharibika. Mwaka wa 1877 akaja mwingine, Chauncy Maples. Watu wakafyeka, wakajenga, wakalima. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kuzaliwa, Kiswahili walichojifunza Unguja kikawa lugha ya kijiji. Mkisikia leo Kiswahili cha mjini Masasi, kumbukeni kwamba hakikuletwa na serikali ya kikoloni. Kilikuja mapema zaidi, kwa miguu, kutoka pwani na Unguja.

Miaka sita ilipita. Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki dunia huko Unguja, na mwezi uliofuata Wangoni wakaja. Watu wa pande hizi waliwaita Magwangwara. Walitoka upande wa Songea, na habari zao zilitangulia mbele yao kwa siku nyingi, maana watu walikuwa wakikimbia. Padri Maples aliamua kijiji kisipigane. Wengi walikimbilia milimani, na hapo mlima ukafanya kazi ile tuliyoitaja, kazi ya kimbilio. Hata hivyo wako waliouawa, wako waliotekwa, na nyumba na mali vikateketea. Wamisionari wakatoa nguo na vitu vingine kuwa fidia ya mateka, na baadaye padri mwingine, William Porter, akasafiri mpaka kwao Wangoni kwenda kuwatafuta waliochukuliwa.

Mnaona uchungu wake? Aliyewahi kutekwa akauzwa akafunguliwa, sasa ametekwa mara ya pili. Baada ya msiba huo makao ya misheni yalihamishiwa Newala, uwandani kwa Wamakonde, karibu na mkubwa wa Wayao aliyeitwa Matola. Watu wengi walifikiri Masasi imekwisha. Haikwisha. Wako waliorudi chini ya majabali yale yale, na kwa muda usio mrefu Padri Porter akaijenga misheni upya. Maples mwenyewe alikwenda Nyasa, akawa Askofu wa Likoma, akafa maji ziwani mwaka wa 1895.

Niseme neno juu ya mtu mmoja aliyetoka katika kundi hili hili la waliofunguliwa. Jina lake Cecil Majaliwa, Myao kwa kuzaliwa, aliyetekwa akiwa mtoto na kulelewa katika shule ya misheni huko Unguja. Alitumwa Chitangali, upande huu wa kwetu, akawahubiri Wayao kwa lugha ya mama yake, na mwaka wa 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni yote ya U.M.C.A. Basi mtoto aliyetolewa nyumbani akiwa bidhaa alirudi akiwa mwalimu. Wakuu wa nchi walimsikiliza, naye hakuhitaji mkalimani.

Sasa tunafika mwaka wa 1905, na hapa ninasema hasa na ninyi wa Nachingwea na Ruangwa, maana hadithi inaingia nyumbani kwenu. Wajerumani walikuwa wameitawala nchi kwa miaka karibu ishirini. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na maakida na viboko vyao, na katika sehemu nyingi watu walilazimishwa kulima pamba wasiyofaidika nayo. Mwezi wa Julai vita vya Maji Maji vikaanza huko Matumbi, habari za maji zikapita Liwale, zikawafikia Wamwera. Mwezi wa Agosti Wamwera wakainuka, na mmoja wa viongozi wao aliyekuwa mashuhuri ni Selemani Mamba. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zikachomwa, na huko Nyangao sista mmoja akauawa. Kisha zamu ya Masasi. Wamisionari walipata habari mapema wakakimbilia pwani. Kanisa na nyumba za misheni zikatiwa moto.

Ningependa tulitazame jambo hili kwa macho mawili. Mtu wa Masasi aliyetazama kanisa lake likiungua, ambaye baba yake alikimbia Wangoni mwaka wa 1882, alikuwa na haki ya kulia. Na Mmwera aliyeushika mwenge naye alikuwa na madai yake, wala hakuwa mwizi. Aliliona jengo la mawe la Mzungu, na kwake Mzungu ni Mzungu, Mwingereza wa misheni na Mjerumani wa boma hawakuwa na tofauti. Babu wa wengine kati yenu walikuwa upande mmoja, na babu wa wengine upande wa pili, na pengine mmeoana. Kilichofuata hakikumchagua mtu: majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula mashambani, na njaa iliyokuja iliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya vita dini ya Kiislamu ilienea sana katika pande za Kusini, na ndiyo maana leo Masasi adhana na kengele zinasikika kwa jirani wale wale.

Mwaka uliofuata, 1906, profesa wa Kijerumani aliyeitwa Karl Weule alipita Masasi. Alikuwa na chombo cha kunasa sauti katika nta, akazinasa nyimbo za watu wa pande hizi. Fikirini mzee wa zamani zile akisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya sanduku! Siku hizi hatustaajabu, maana hata mimi sasa ni sauti ndani ya sanduku.

Vita Kuu ya Kwanza nayo haikuuacha mji salama. Mwezi wa Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, katika njia ya Lindi, kwa siku nne, na hapo waliuawa na kujeruhiwa maelfu ya watu, wengi wao askari Waafrika wa pande zote mbili. Mwezi uliofuata Jemadari von Lettow-Vorbeck akakimbilia Makonde, akawaacha wagonjwa wake, akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara katika vita hivyo ni wengi kupita askari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo tabia ya Masasi hasa. Makabila yote ya huku kwetu, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ana baba yake, lakini mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayempeleka jandoni, mjomba ndiye anayesimama katika ndoa, mjomba ndiye anayejibu mtoto akikosa. Wayao huita mbumba kundi la akina dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa ndugu yao mwanamume. Sasa mwulizeni yule aliyefunguliwa utumwani: mjomba wako nani? Hana. Katika nchi kama yetu, mtu asiye na mjomba alikuwa karibu na mtumwa, hata kama hakuna aliyemnunua. Uhuru wa kukatwa mnyororo haukumpa ukoo.

Watoto wa watu hawa wangetahiriwa na nani, wakafundishwa na nani mambo ya utu uzima? Wakristo wa Masasi walihangaika na swali hili miaka mingi. Wako mapadri Wazungu waliosema jando na unyago ni ushenzi, viachwe kabisa. Wazazi waliwajibu kwa vitendo: waliwapeleka watoto kwa siri, maana hakuna msichana atakayeolewa na kijana asiyeingia jandoni. Ndipo Vincent Lucas, aliyekuwa padri Masasi na mwaka wa 1926 akawa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, akashauriana na mapadri na wazee Waafrika, wakatengeneza jando la Kikristo. Vijana waliingia porini kama desturi, wakatahiriwa, wakakaa pamoja, wakafundishwa adabu ya kuwaheshimu wazee na ya kukaa na mke. Yaliyokuwa ya mizimu na matusi yakatolewa, sala zikatiwa mahali pake. Wataalamu wa historia, hasa Terence Ranger, wameandika juu ya jambo hilo, na mara nyingi sifa humwendea Lucas. Alistahili. Lakini bila wazee na mapadri Waafrika waliojua nyimbo na siri za porini, Askofu angefanya nini? Yeye mwenyewe hakuwa amechezwa! Kwa akina mama kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana mafunzo ya unyago ni mali ya wanawake wazee, nao hawakuwa tayari kumkabidhi mwanamume, awe na joho au asiwe nalo.

Hivi ndivyo mji wa watu wasio na wajomba ulivyojitengenezea wajomba. Mzee wa kanisa akasimama badala ya mjomba. Wengine wakaoana na Wamakua na Wayao wa jirani, na kwa kuwa ukoo ni wa mama, mtoto wa mwanamke Mmakua alizaliwa na ukoo kamili hata kama baba yake aliletwa kutoka Mbweni. Kwa njia hii katika vizazi viwili vitatu alama ya utumwa ikafutika, isipokuwa katika midomo ya wagomvi.

Elimu nayo ilikaa chini ya milima hiyo mapema. Shule za Chidya na Ndwika, na Ndanda ya Wabenediktini iliyoanza mwaka wa 1906, zimetoa walimu, waganga na viongozi wasiohesabika. Benjamin Mkapa alizaliwa wilaya hiyo ya Masasi mwaka wa 1938, akasoma Ndanda, akawa Rais wetu wa tatu toka 1995 mpaka 2005. Alipofariki mwaka wa 2020 alizikwa kwao, Lupaso. Na mwaka wa 1960 alikuja Masasi askofu mwingine wa sifa, Trevor Huddleston, ambaye alikuwa amegombana na serikali ya makaburu huko Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi. Alikaa miaka minane, akaona Uhuru wetu na Azimio la Arusha, akaondoka 1968, na kiti chake kikachukuliwa na Mwafrika, Hilary Chisonga. Mwaka wa 1969 sheria ya elimu ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali.

Nimalizie kwa kulinganisha Masasi na Nachingwea, nanyi wa Nachingwea msinikasirikie. Mwaka wa 1947 Waingereza walianzisha shamba kubwa la karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali pake. Mashine zikaja, nyumba zikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikawekwa. Palikuwa na ramani, palikuwa na fedha nyingi. Shauri zima, pamoja na Kongwa na Urambo, lilimeza pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa 1951 likaachwa. Reli yenyewe ilifikishwa Masasi mwaka wa 1958, na miaka michache tu baadaye ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Masasi iliipokea reli na kuipoteza bila kutikisika sana, kwa kuwa haikuwa imejengwa kwa ajili ya reli. Nachingwea iliumia zaidi. Na hata hivyo Nachingwea ilipata wakazi wake wa kweli baada ya mipango ile kufa: wakulima waliobaki, na katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO, waliofanya hapo kambi yao kubwa ya mazoezi, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji. Hao nao walikuwa watu walio mbali na kwao, wakitazama upande wa Ruvuma.

Leo Masasi ni mji wa korosho, wa malori, na wa njia panda: huku Tunduru na Songea, huku Newala, huku Mtwara na Lindi, na huku kwenu Nachingwea. Msimu wa korosho ukifika, maghala hujaa na habari za mnada huenea haraka kuliko habari za msiba. Kanisa kuu liko Mtandi, miguuni pa mlima wa jina hilo, na hospitali ya Mkomaindo ina jina la mlima mwingine. Watoto hupanda majabali wakienda kuokota kuni au kucheza, na wazee huwakanya, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu nyingine ambazo wazee hawazisemi.

Kabla hamjatawanyika, katika vikundi vyenu zungumzeni swali hili moja: kwenu, mgeni akija asiye na ndugu, akakaa, akalima, akazaa watoto, siku ya kumwoza binti yake ni nani anayesimama mahali pa mjomba, na ni nani aliyemchagua? Katibu wa kikundi aandike majibu. Wazee waachwe waseme kwanza. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya mto Ruvuma na vivuko vyake. Kwaherini.